Nyuma ya Kabati la Unga

Siku tuliyokwenda Mersin kumposa Senem nilivaa suti niliyoolea mimi mwenyewe, na ilinibana mpaka nikakaa wima safari nzima, mikono magotini, siwezi hata kujikuna. Shemeji yangu Rasim ndiye aliyekuwa mwenye posa, maana Yekta ni mwanawe. Mimi nilikwenda kama mjomba, ndugu wa marehemu mama yake. Dada yangu Nezihe alifariki Yekta akiwa hajaanza hata shule, na tangu hapo kijana alikua nusu nyumbani kwa baba yake na nusu kwenye boti yangu. Ukiniuliza mimi, ile nusu ya botini ndiyo iliyomfanya mtu. Rasim ana maneno yake kuhusu jambo hilo, lakini leo msimulizi ni mimi.

Kazi yangu ni kupeleka watu chini ya ziwa. Wanatoka Antep, wanatoka Istanbul, wengine Ujerumani, wanavaa mitungi ya hewa mgongoni na kushuka kuitazama Eskiyaka, mji wetu ulioingia majini serikali ilipouziba mto Furati kwa bwawa. Tuliobaki tulihamishiwa kilimani, kwenye nyumba zilizofanana zote mpaka wazee walikuwa wakigonga milango ya watu wengine jioni. Wengine walitawanyika. Yekta ni mwongozaji wangu, na nasema bila kumpendelea kwamba sijaona mpiga mbizi mtulivu kama yeye.

Senem alikuja kama mgeni yeyote. Alizaliwa Eskiyaka majira ya baridi ya mwisho kabla ya maji, akapelekwa Mersin akiwa mchanga, na wazazi wake wote wawili walifia huko. Shangazi yake, Bi Zekiye, ndiye aliyemlea. Alisomea unesi, akaomba kazi kwenye zahanati yetu ili auone mji wake hata kama ni kwa tochi. Akashuka mara moja na Yekta. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena, hadi nikamwambia, "Binti, sema ukweli. Unataka kununua boti yangu au unamtaka mpwa wangu?"

"Boti yako inavuja, mjomba," akajibu.

Nikampenda hapohapo. Nikamfundisha kupiga mbizi mimi mwenyewe, maana sikutaka mke wa mpwa wangu awe anatapatapa majini kama kuku aliyetumbukia kwenye pipa.

Basi tukafika Mersin. Bi Zekiye alikuwa mama mnene wa miaka sabini na kitu, kitambaa cheupe kichwani, sikio moja halisikii vizuri. Alitupokea kwa heshima zote. Senem akaleta kahawa, na kikombe cha Yekta, kama desturi ilivyo, alikuwa amekitia chumvi ili tuone kama kijana ni mvumilivu. Alikuwa amekitia chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Yekta akanywa kikombe chote, akafuta masharubu, akasema, "Mungu aibariki mikono yako." Machozi yalimlengalenga. Tulicheka sote, hata Bi Zekiye.

Rasim naye, akiona mambo yamelainika, akaanza kuchangamka. "Bi mkubwa, sisi si wageni kwenu. Huyu binti ni wa jirani yangu. Mimi na marehemu baba yake tulikaa ukuta kwa ukuta, mtaa wa Kinuni. Mimi ni yule dereva wa lori."

Bi Zekiye akageuza lile sikio zima. "Dereva? Mume wa Nezihe?"

"Ndiye mimi."

Mama akaweka kikombe chini. Akamtazama Yekta, muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura fulani ndani ya sura nyingine. "Kwa hiyo wewe ndiye yule mtoto wa baridi ile," akasema. "Senem aliniambia tu kijana wa Eskiyaka. Mimi sikuuliza zaidi. Ewe Mola wangu, mbona sikuuliza!"

"Kuna nini, shangazi?" Senem alikuwa bado kashika sinia.

"Posa haipo, mwanangu. Huyu ni ndugu yako. Mmenyonya kwa mama mmoja, na ndugu wa ziwa hawaoani."

Halafu Rasim akaongea kwa niaba ya wote, kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu. "Mwanangu alinyonya kwa mama yake!"

"Mama yake alikuwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Feride, mama yake Senem, alikuwa amejifungua wiki hizohizo na maziwa yanamwagika. Mimi nilikuwapo, nilikuja kumwangalia wifi yangu. Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwa barabarani natafuta mkate wao!"

"Basi hukuwapo. Mtoto alinyonyeshwa mpaka theluji ikaisha. Tulisema tutawatangazia watu, maana jambo la namna hii hutangazwa. Halafu maji yakaja, kila mtu akafunga mizigo yake, nani tena wa kukumbuka kutangaza?"

"Theluji ile ilikuwa imefunga milango," Rasim akasema. "Watu walitoka kwa madirisha. Huyo mtoto alikuwa anafikaje kwenu, anaruka?"

"Alipitishwa ukutani. Palikuwa na mlango jikoni mwenu, nyuma ya kabati la unga. Mdogo tu. Nezihe anasukuma kabati, anampitisha mtoto, Feride anampokea upande wetu."

Rasim alisimama. Uso ulikuwa mwekundu kama pilipili ya kuanika. "Mama, nakuheshimu, umri wako nauheshimu. Lakini nyumba ile niliinunua mwenyewe. Niliipaka chokaa kwa mikono hii. Ule ukuta ulikuwa mzima kama nilivyosimama hapa! Nisijue mlango wa nyumba yangu?"

"Jikoni pia ulipaka chokaa?"

"Jikoni kuna moshi. Nani anapaka chokaa jikoni?"

"Haya," akasema Bi Zekiye, na akalifunga lile sikio zima kwa kiganja.

Tulirudi bila kula chakula kilichoandaliwa. Njia nzima nilimsema yule mama. Nilisema anaogopa kubaki peke yake, nilisema wazee wa namna hiyo huota kitu usiku na asubuhi wakakitoa kama ushahidi. Nilisema mengi. Yekta alikaa kiti cha nyuma, kichwa kwenye kioo. Tulipofika Birecik akasema neno lake la kwanza, "Mjomba, nyamaza kidogo," na mimi, ambaye watu wote wa ziwa lile wanajua sinyamazishwi, nikanyamaza.

Wenyewe wawili wakaenda kwa imamu. Mimi nilikuwapo, nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta viatu. Imamu wetu ni kijana, ana haya, na aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kisheria, neno la mwanamke mmoja halitoshi kuwazuia. Mkiniletea tarehe, nitawafungisha na hakuna atakayenilaumu. Lakini mimi siwezi kuingia ndani ya mioyo yenu. Kama mnajua kwamba mama yule amesema kweli, basi mnajua wenyewe la kufanya."

"Na kama hatujui?" Yekta akauliza.

"Basi sijui niwaambie nini, ndugu yangu."

Jioni Senem akaja gatini. Nilikuwa nasuuza suti za mpira. Hakusalimia hata, na si kawaida yake.

"Mjomba, shangazi yangu anasema palikuwa na mlango. Baba Rasim anasema hapakuwa. Shangazi hajawahi kunidanganya maishani, na baba Rasim naye si mwongo."

"Mzee akisahau si uongo, binti."

"Ndiyo. Kwa hiyo mmoja kasahau. Ukuta haujasahau. Uko pale chini, si ndiyo? Tushuke tukautazame."

Yekta alikuwa ndani ya boti, anafunga mitungi. Hakuinua kichwa. "Na tukiukuta mlango?"

"Tukiukuta, shangazi kasema kweli, na mimi na wewe basi." Akashika ukingo wa boti. "Tusipoukuta, naolewa na wewe Ijumaa hii, na shangazi nitampigia magoti mpaka anisamehe. Lakini kuishi nikijiuliza kila nikikuangalia, hapana. Siwezi. Wewe unaweza?"

"Mimi naweza," Yekta akasema.

"Muongo."

Yekta akacheka kidogo, akakubali tushuke.

Tulishuka kesho yake asubuhi, sisi watatu, wageni nikawaahirisha. Ilikuwa vuli, na vuli ndiyo wakati maji yetu yanapoonyesha mbali. Nyumba za Eskiyaka hazina paa wala milango wala madirisha, maana kabla ya kuhama kila mtu aling'oa mbao zake, mbao ni mali. Kwa hiyo hatuingii mlangoni. Tunapita juu ya kuta na kushukia chumbani kama njiwa. Tatizo la kule chini ni moja tu, nalo ni tope. Tope la Furati ni laini kuliko unga uliochekechwa mara mbili. Pezi moja la mguuni likigusa sakafu, maji yote yanakuwa kahawia na huoni mkono wako mwenyewe, na unakaa hivyo mpaka lijisikie kutulia. Ndiyo maana mtu wangu yeyote akitifua tope namtukana tukifika juu, awe mgeni, awe mkuu wa wilaya. Yekta sijapata kumtukana. Anapita juu ya sakafu umbali wa shibiri moja, anageuka, anarudi, na nyuma yake maji yanabaki safi kama hakupita mtu.

Mtaa wa Kinuni nilikuwa naujua, lakini nyumba ya dada yangu sikuwahi kuingia. Alipoolewa nilikuwa Antalya najifunza kazi hii, na baridi ile ya mwisho nilikuwa jeshini. Nyumba nyingine zote nimeingiza watu. Ile niliipita kwa juu miaka yote hii. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba haina cha kuona.

Tulikubaliana hivi: jiko ni dogo, wataingia wao, Yekta mbele na Senem nyuma yake. Mimi nitabaki juu ya ukuta, nawaangalia kutoka juu na kulinda hewa yao. Yekta akapitia chumba cha kulala, akapitia pale palipokuwa na mlango wa jikoni, na tochi yake ikaanza kutembea ukutani. Jiwe, jiwe, moshi wa zamani bado umeganda. Senem alikuwa bado chumba cha kulala, anashuka taratibu kama nilivyomfundisha.

Tochi ikasimama.

Mimi kutoka pale juu sikuona alichokiona, kwa sababu nilikuwa juu ya ukuta uleule. Nilimwona yeye tu. Alikaa mbele ya ule ukuta bila kusogea, viputo vya hewa vinapanda usoni mwangu. Halafu akageuza kichwa. Mwanga wa Senem ulikuwa umeshaingia mlangoni na unakuja. Akautazama ule mwanga, akautazama ukuta tena. Kisha akakunja magoti na kuipiga sakafu kwa mapezi yote mawili, kwa nguvu, mara moja, na akapiga tena.

Jiko likatoweka. Mwanga wa Senem ukawa doa la kahawia, halafu hata doa halikuwapo.

Nilishuka kwa kupapasa. Nilimpata Senem kwanza, nikamshika bega, akanishika mkono. Hakuwa na hofu, alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule haukunipendeza. Yekta nikampata kwa mlio wa pumzi yake. Nikawashika wote wawili, nikawavuta juu nje ya kuta mpaka tukapata maji safi, nikawapa ishara ya kupanda.

Njiani kwenda juu lazima usimame, uning'inie kwenye kamba ungoje damu itulie, hata kama moyo unakuchemka. Tulining'inia pale watatu. Senem alimtazama Yekta kwa vile vioo vya miwani, hakupepesa. Yekta alitazama kipimo cha hewa. Kilionyesha hewa tele, lakini alikitazama mpaka mwisho.

Botini nikavua mtungi wangu, nikauliza kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, "Haya. Mmeona nini?"

"Sikuona kitu," Yekta akasema. "Tope lilitifuka."

"Lilitifuka lenyewe?" Senem akauliza.

"Niliteleza."

"Majini mtu anateleza, Yekta?"

Yekta alikuwa anahangaika na zipu ya suti.

"Tangu nikujue hujatifua tope hata la kujaza kijiko," Senem akasema. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyafuta. "Unashuka na watu kumi wanaorusha miguu kama punda, na bado unafika juu maji yako safi. Leo umeteleza. Haya. Mimi nitakuamini. Apa tu. Sema wallahi sikuona mlango, na Ijumaa tunafunga ndoa, na sitakuuliza tena mpaka nakufa. Mjomba ni shahidi."

Jamani, nilimwombea aape. Nasema wazi. Nilikaa pale kwenye ukingo wa boti yangu, mtu mzima niliyehiji, nikamwomba Mungu mpwa wangu aape uongo. Alikuwa mtoto wa Nezihe, na sijawahi kumwona anataka kitu maishani mwake kama alivyomtaka yule binti.

Yekta akafungua kinywa. Ile "wa" ya mwanzo ilitoka, nikaisikia, na silabi nyingine hazikuja.

"Nilitaka usione," akasema. "Basi. Nilitaka mmoja wetu asione."

Senem akalia kwa sauti, akainama, akakaa hivyo. Baadaye akainuka, akachukua taulo lililokuwa pale juu ya kamba, akamfunika Yekta mabegani, kwa sababu alikuwa ameanza kutetemeka na hakuwa anajua kwamba anatetemeka.

"Jifunike, kaka yangu. Utashikwa na baridi."

Yekta akaling'oa taulo akalitupa chini. "Usiniite hivyo."

"Sasa nikuiteje?"

"Usiniite kabisa."

Nikawasha injini. Haikuwaka mara ya kwanza, nikaitukana matusi yote niliyokuwa nimewawekea wageni mwaka mzima, na yakaisha kabla hatujafika gatini.

Wiki iliyofuata nilishuka tena peke yangu. Nawakataza watu kushuka peke yao, na nikikuona unafanya hivyo nitakupiga kofi, lakini nilishuka. Tope lilikuwa limetua. Nikaukaribia ule ukuta nikijiambia huenda ni shimo tu, kuta nyingi zimebomoka kwa maji, kijana kaona shimo akaogopa. Kumbe.

Haukuwa mlango hasa. Ulikuwa uwazi wa kumtosha mtu aliyeinama, au mtu aliyesimama akinyoosha mikono iliyobeba kitu. Hakuna fundi aliyeujenga. Mawe yalikuwa yametolewa moja moja na mtu asiyejua kazi, na kingo zikazibwa kwa saruji ili zisiparuze. Saruji ile ilipakwa kwa mkono mtupu. Vidole vilikuwa bado vimeandikwa mle, vinne vinne, upande huu na upande ule. Wanawake wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, waume zao hawapo, wanajifungulia njia. Chini, jiwe la kizingiti lilikuwa limelainika katikati, na mawe hayalainiki kwa siku mbili. Walikuwa wakipitishiana vitu pale muda mrefu kabla ya watoto. Mikate, nadhani, na makaa, na porojo.

Nikavua glavu. Sijui vidole vipi vilikuwa vya dada yangu na vipi vya Feride. Niliweka vyangu katika alama zote, upande huu na ule, mpaka kipimo cha hewa kikaniambia nipande.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Rasim, nywele bado zinachuruzika. Alikuwa kibarazani anapasua njugu za pistachio. Nikamweleza yote. Mwanzo alinisikiliza akiwa amekaza shingo, tayari kubisha, mpaka nilipotaja saruji.

"Saruji?" akasema. "Saruji ya rangi gani?"

"Shemeji, iko chini ya maji miaka yote hii, rangi gani unataka?"

"Nilileta mifuko ya kujengea choo. Mmoja ulipotea. Nilimfukuza fundi kwa ajili ya mfuko ule!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko uso ukambadilika. "Nyuma ya kabati la unga," akasema polepole. "Lile kabati sijawahi kulisogeza, Nevzat. Unga haukuwa kazi yangu. Hata siku ya kuhama, mimi nilikuwa juu ya paa na wanaume, jiko walilihamisha wanawake."

"Najua."

"Niliporudi safari ile mtoto alikuwa amenona. Nilimwacha kama kifaranga, nikamkuta ana mashavu. Nikamuuliza Nezihe, umempa nini huyu? Akacheka, akasema jirani wametufaa sana, Mungu awalipe. Mimi nikajua wametupa mbuzi wa kukamua. Miaka yote nimewasifu kwa huyo mbuzi mbele za watu, na kumbe hata kwato zake sijaziona."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameishi na dada yangu miaka ile yote, na ndiyo kwanza siku hiyo, nadhani, alikuwa anaingia jikoni kwake. Mimi pia sikuwa na la kujidai. Yule mama wa Mersin nilimpigia simu usiku uleule nikamwomba radhi. Akasema hasikii vizuri, niseme tena. Nikasema tena, kwa sauti ya juu, jirani wote wakasikia. Mpaka leo naamini alinisikia mara ya kwanza.

Yekta aliondoka kabla ya theluji. Akapata kazi Antalya, baharini, kwenye maji ya chumvi yasiyo na nyumba za watu. Alinipigia sikukuu hadi sikukuu, na jina la Senem halikuwahi kupita mdomoni mwake. Senem alibaki. Alimleta Bi Zekiye kuishi naye, akaendelea kuwachoma sindano watu wa kilimani, na kila sikukuu alimtumia Yekta salamu kupitia kwangu. "Mwambie dada yake anamsalimu." Nilikuwa naifikisha salamu, na simu inakaa kimya, halafu ananiuliza habari za injini.

Mwaka wa tatu Senem akachumbiwa na mwalimu wa Nizip, mtu mpole mwenye miwani. Nilimpima kwa jicho langu lote na sikupata kasoro, jambo lililoniudhi. Nikampigia Yekta. "Harusi ni Jumapili," nikamwambia. "Sikuombi kitu. Nakupa habari."

"Nina wageni Jumapili," akasema.

Jumapili asubuhi alikuwa amesimama kwenye korido ya nyumba ya Bi Zekiye, amechanganyika na vijana wa mtaani, viatu mkononi, amekonda. Sikumuuliza amefikaje. Nje ngoma na zumari zilikuwa zimeshafika na bwana harusi anangoja kumchukua mkewe. Ndani Senem amesimama katikati ya chumba na shela lake, na Bi Zekiye ameshika utepe mwekundu ambao lazima bibi harusi afungwe kiunoni kabla hajatoka kwao. Baba ndiye anayeufunga, au kaka. Watu wakaanza kutazamana, maana yule binti hakuwa na baba wala hakuzaliwa na ndugu.

"Nevzat afunge," mzee mmoja akasema. "Ni kama mjomba wake."

Nikanyoosha mkono niuchukue.

"Hapana, mjomba," Senem akasema. "Nina kaka. Nimemwona mlangoni, anajificha nyuma ya vijana wa watu."

Vijana wakasogea mmoja mmoja mpaka Yekta akabaki peke yake kwenye korido, na viatu vyake. Alitazama nje, nilimwona, alipima umbali wa kutoka. Bi Zekiye akauinua ule utepe kwa mikono miwili.

Akaweka viatu chini, akaja.

Utepe huzungushwa mara tatu. Mara ya kwanza unauzungusha unauondoa, mara ya pili vilevile, ya tatu unafunga. Alizungusha ya kwanza, akaondoa. Ya pili, akaondoa. Ya tatu mikono ikamsimama, mikono ileile isiyotikisika chini ya maji, na ule utepe ukaning'inia kiunoni mwa Senem bila fundo. Rasim alikuwa pembeni yangu, kanishika mkono mpaka ukaniuma. Senem hakumsaidia wala hakumharakisha. Alimngoja.

Akafunga. Akavuta fundo kuona kama limeshika, kama anavyovuta mikanda ya mtungi wa kila mtu kabla ya kumshusha majini. Kisha akambusu kwenye paji la uso, juu ya shela.

"Nenda salama, dada yangu," akasema.

Mimi nikatoka nje, nikasimama nyuma ya mpiga ngoma, mahali ambapo mtu mzima anaweza kulia bila kusikika.